Mwanamvua Amekwama Malangali

Ndugu zangu wa kalamu na wa jembe. Ndugu wa Majengo mliokalia magunia, na ndugu wa Malangali mliosimama mlangoni kwa sababu magunia yamekwisha. Ndugu wote mnaoamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba taifa lililoamua kujilisha kwa shamba lake halina budi kujilisha pia kwa hadithi zake: nawasalimu kwa jina la mapambano yetu.

Leo sanduku la barua la mkutano wetu wa waandishi lilikuwa na barua moja tu. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka Ndugu Yunusu, mwenye duka hili anayetuazima magunia yake, akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Niliisoma mara ya pili nikakasirika. Mara ya tatu niligundua kwamba ugonjwa wa mwandishi huyu ni ugonjwa wetu sote tulioshika kalamu katika mkoa huu mchanga. Yeye mwenyewe ameniruhusu nimtaje, na leo amekaa pale nyuma, kofia usoni. Nitaisoma kama alivyoiandika, kisha nitamjibu mbele yenu.

*

Ndugu mshauri Atusaye,

Nakuja kwako kama mtu anayefika zahanati akiwa amefunika kidonda kwa shati, naomba msaada, na naomba pia usinicheke kabla sijafika mwisho, maana shida yangu mtu akiisikia juu juu ataiona ni mchezo, kumbe inaninyima usingizi na sasa inataka kulifunga darasa langu.

Mimi ni Zenon, mwalimu wa darasa la kisomo hapa Malangali, na mwaka huu mvua zilipoanza niliona wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu, wanasinzia juu ya vile vitabu vya kuchimba choo, ndipo nikaamua kuwatungia hadithi yangu mwenyewe niwe nawasomea kipande kila Jumamosi alasiri, nao wajifunze ubaoni maneno yaliyomo, na hadithi yenyewe inamhusu binti aitwaye Mwanamvua anayeishi kwa shangazi yake kule Mtowisa bondeni, ambaye siku moja akichota maji anakutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, jina lake Kulsumu, na katika kuongea wanagundua kwamba mume aliyemtelekeza Kulsumu ni Mwinjuma, dereva wa lori, na kwamba Mwinjuma huyo huyo, ambaye Mwanamvua hajapata kumwona kwa macho, ndiye atakayemwoa Ashura, dada yake Mwanamvua, Ijumaa ile baada ya sala, kule Majengo mjini, baada ya kuwaambia wazee wa Ashura kwamba yeye ni kapera asiye na mtoto wala deni, basi Mwanamvua anajifunga kanga kiunoni na kuondoka Jumatano alfajiri kwa miguu, kwa kuwa barua ingekwenda polepole kuliko yeye, apande ukingo wa bonde, avuke nyika zetu hizi zenye upepo, afike kwa dada yake kabla hajaitikia ndoa.

Nasema bila majivuno, ndugu mshauri, vipande viwili vya mwanzo viliwashika watu shingo, yule binti alipokuwa akipanda ukingo wa bonde na jiwe likateleza chini ya mguu wake, mama mmoja alimshika jirani yake mkono akasahau kuuachia, na Mzee Alois, ambaye kwa miaka alikuwa akipita dirishani kwetu kuelekea kilabuni na kutucheka, siku hiyo alisimama, akaingia, akakaa benchi la mbele, nilipomkaribisha akasema hakuja kusoma bali amekuja kujua kama binti atafika, na kwa sababu niliandika ubaoni majina ya mahali binti alipopita, mzee yule alijifunza herufi kwa kumfuata, leo anasoma kwa kuweka kidole chini ya neno, polepole, lakini anasoma.

Shida ilianza binti alipofika juu. Ndugu Leonardi, balozi wetu wa nyumba kumi, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyo binti akitoka bondeni anapita njia gani?" nikamjibu njia ya kawaida, akasema, "Basi anapita kwangu. Mgeni atapitaje nyumba kumi zangu bila kufika kwa balozi akajitambulisha? Unataka watu waseme nini juu ya uongozi wangu?" nikaona ana haki, Jumamosi iliyofuata Mwanamvua akaingia kwa Leonardi, akajitambulisha, akakaa, wakaitwa wajumbe, na siku ikaisha. Nilipofika nyumbani mke wangu Cornelia akaniambia, "Mama anauliza, kwa Leonardi binti amekaribishwa, kwake kuna nini, moshi?" Ndugu mshauri, mimi mama mkwe wangu hata kivuli chake sikikanyagi, ningewezaje kumpitisha msichana mlangoni pake bila kubisha hodi, basi akaingia, akala ugali wa ulezi na maharage, na mama mkwe ndani ya hadithi akatoa nasaha kuhusu wakwe wa kiume wa siku hizi, nasaha ambazo alinitumia kupitia kwa Cornelia zikiwa zimekwisha pangwa, mimi nikanakili tu.

Baada ya hapo mlango haukufungika tena. Bwana shamba alisema hadithi isiyo na kilimo bora ni porojo, hivyo Mwanamvua akachimba ntumba, yale matuta yetu ya duara, Jumamosi mbili mfululizo. Sebastiani akasema, "Mwalimu, mpaka sasa sijasikia ng'ombe hata mmoja. Ni Ufipa gani hiyo?" nikaliingiza dume lake Radi, akasema pembe hazikuelezwa sawasawa, nikazirudia, alasiri nzima ikaishia pembeni. Katibu wa tawi alileta hotuba. Nawe wajua desturi yetu, mtu hapiti kwa mtu hivi hivi, akipita huitwa, akiitwa hukaa, akikaa huletewa chakula, akila haondoki mpaka aage na kusindikizwa, na kila anayemsindikiza Mwanamvua humsindikiza kuelekea kwa ndugu yake mwenyewe, si kuelekea mjini.

Sasa binti yuko hapa hapa Malangali, anayaona mabati ya Majengo yakimeta, na hafiki. Ijumaa ile aliyoikimbilia tangu mahindi mabichi haijaingia, na sasa tunakaribia kuvuna ulezi. Ashura alikwisha pakwa hina, nadhani imekwisha futika, sijathubutu kwenda kuangalia.

Jumamosi iliyopita niliposoma kwamba Mwanamvua ameitwa nyumba nyingine kuonja pombe mpya, Mzee Alois alisimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Mwalimu, mimi nilijifunza herufi kwa ajili ya mtoto huyu. Nilidhani anakwenda kwa dada yake. Kumbe ameolewa na barabara." Akachukua kofia yake, akaenda kilabuni, wengi wakamfuata, na nasikia huko kila mmoja anajimalizia hadithi kwa namna yake, mmoja amemwoza Mwanamvua kwa katibu wa tawi.

Imebaki Jumamosi moja tu kabla ya mavuno. Darasa likifungwa mabenchi yakiwa matupu halitafunguliwa tena, Leonardi amekwisha sema chumba kitafaa kuwekea mbolea, na Mzee Alois, aliyebakiza kidogo tu aweze kusoma bila kidole, atarudi kuwa mtu wa kupita dirishani. Nimefikiri kumwua binti kwa nyoka, Cornelia akasema, "Ukimwua mtoto wa watu, chakula utajipikia." Nimefikiri aamke aone yote yalikuwa ndoto. Nimefikiri lori lipite limchukue. Nimefikiri kuwafuta majirani wote, lakini kesho yake nitaomba moto kwa nani, na mama mkwe je? Niwatoe nichukiwe, au niwaache nilipoteze darasa? Naomba uniambie, nami nitafanya.

Mimi ndugu yako katika kisomo,
Zenon

*

Ndugu Zenon,

Vua hiyo kofia usoni, watu wamekwisha kukuona. Hukuiba, hukumsaliti mtu. Umefanya jambo ambalo wengi waliosoma hadi chuo kikuu hawajaliweza: umemtoa Mzee Alois kilabuni kwa nguvu ya sentensi. Mtu aliyeweza hilo mara moja ana deni la kuliweza mara ya pili, na kwa sababu hiyo sitakubembeleza.

Umekuwa mkarimu, lakini umekirimu kwa mali ya mtu mwingine. Kila bakuli la ugali ulilompa Mwanamvua, umelitoa katika saa za Ashura. Wewe na majirani mmekaa jamvini mnapokezana maharage, na kule Majengo dada wa watu amekaa na hina mkononi, hajui kwamba anayemngoja ni mwongo, na mtu pekee duniani awezaye kumwambia anachambua pembe za ng'ombe. Hukuthubutu kwenda kumwangalia, umesema. Hapo ndipo ulipopotea, Zenon. Toka siku ulipoacha kumwangalia Ashura, barabara ilikosa mwisho, na barabara isiyo na mwisho haiendi popote, hata ukiipamba kwa nyumba pande zote.

Nakusihi uishike kauli hii kama unavyoishika chaki: hadithi ni mtu anayetaka kitu, na siku inayomalizika. Ulivipata vyote viwili bila kufundishwa na mtu. Binti alitaka kufika; Ijumaa ilikuwa inakuja. Kisha ukaisimamisha Ijumaa njiani kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, ukaenda kunywa. Nani alikupa mamlaka hayo? Jua la Ufipa halimngoji katibu wa tawi, litaingojaje hotuba yake ndani ya hadithi?

Najua utakachosema. Utaniambia, "Ndugu Atusaye, tunajenga ujamaa, ningempaje mmoja nafasi nikamnyima mwingine?" Nami nakujibu kwa sauti ya juu ili na Ndugu Leonardi, ambaye namwona amesimama mlangoni, asikie: umeisoma siasa yetu nusu. Kila raia ana haki ya shamba, ya dawa, ya darasa na ya kusikilizwa kikaoni. Hakuna azimio lolote, la taifa wala la kijiji, lililompa kila raia haki ya sura katika hadithi ya Zenon. Ujamaa unatuambia kwamba kila anayekula afanye kazi. Ulete msingi huo ndani ya hadithi yako, uwatazame wahusika wako mmoja mmoja, umwulize kila mmoja: wewe hapa unafanya kazi gani? Asiyejibu ni kupe. Anainyonya damu safari ya binti, naye hutamwona, kwa sababu ni jirani na anacheka vizuri.

Hapo nimekukaripia vya kutosha. Sikiliza sasa namna ya kutoka.

Hawa watu hawakukuonea. Mtu akiipenda hadithi hutaka kuingia ndani yake. Leonardi alinyoosha mkono kwa sababu ulikuwa umemshika. Kosa lilikuwa la mlinzi wa mlango, na mlinzi wa mlango ni wewe. Mgeni anapotaka kuingia katika hadithi, usimwulize jina la baba yake. Jiulize wewe: binti akitoka kwa mtu huyu, Majengo itakuwa imekaribia, au imesogea mbali? Atatoka na kitu ambacho hakuwa nacho alipoingia, au amepoteza kitu alichokuwa nacho? Kama hakuna kilichobadilika, hakuingia nyumbani kwa mtu. Alizunguka tu nje ya nyumba, na msikilizaji akazunguka naye hadi miguu ikamuuma.

Wewe ni Mfipa, wala sihitaji kukufundisha ntumba, mimi niliyeletwa hapa kutoka Mbeya na baba mwenye uhamisho wa serikali. Nimewaona mama zetu wakifukia majani chini ya udongo, na mpita njia asiyejua akadhani wanazika takataka. Msimu unaofuata tuta linavunjwa, majani yamekwisha kuwa chakula, na mahindi yanasimama juu yake. Umefukia mengi, Zenon, umefukia hadi dume. Umesahau kuyavunja matuta, basi.

Chukua desturi ya Leonardi. Kila mgeni lazima ajitambulishe kwa balozi: wewe ulimpa desturi hiyo Mwanamvua, mtu asiye na cha kuficha, ndiyo maana ikalala. Mpe mwenye cha kuficha. Chukua mama mkwe wako. Ulimpa nasaha kuhusu wakwe, na wakwe wote darasani wakatazama miguu yao. Lakini mwanamke yule ana mlango ulio wazi barabarani, amelisha nusu ya wasafiri wa bonde. Amemwona nani? Na lile lori ulilotaka limwokoe binti: nalikataa kabisa kama ni lori la neema, lori linaloshuka kutoka mbinguni kumbeba mnyonge ambaye hakulitafuta. Lakini ngoja kwanza. Lori la nani?

Mwinjuma si dereva wa lori? Ijumaa ile asubuhi si anapanda kutoka bondeni kwenda kuoa? Basi mwache apite. Lori limefungwa kanga mbele, yeye anaimba, anamwona binti amechoka kando ya barabara, na kwa kuwa leo ana furaha anasimama. Binti hamjui kwa sura. Anapanda. Kwa mara ya kwanza tangu mahindi mabichi anakwenda mbio, na msikilizaji wako anataka kupiga kelele, maana analijua lori lile na binti halijui. Nyuma, juu ya magunia, amekaa mama mkwe wako anayepeleka maharage sokoni. Amepanda gizani alfajiri na hajamwona dereva uso. Wanafika katikati ya Malangali, na barabarani amesimama nani? Radi. Dume la Sebastiani, pamoja na pembe zake zote, ambazo sasa hakuna atakayelalamika kwamba zilielezwa mara mbili. Honi inalia, Radi anatafuna. Leonardi anatoka na fimbo yake ya uongozi, anasema, "Ndugu dereva, maadamu umesimama katika nyumba kumi zangu, jitambulishe." Naye dereva hana njia. Analitaja jina lake. Ndani ya lori binti anashika mlango. Na kutoka juu ya magunia sauti inasema, "Mwinjuma? Wewe si ndiye uliyekula kwangu mwaka juzi na mkeo? Yule mtoto amekwisha kutembea?"

Nisamehe, Zenon. Nisameheni, ndugu zangu. Yunusu, kaa, hakuna mgonjwa. Mnaona jinsi ugonjwa huu unavyoambukiza: nilialikwa kutoa ushauri, nikaingia, nikakaa, karibu niagize chakula. Hadithi ni yako. Uyatumie hayo au uyatupe. Ila tazama kilichotokea: hatukumfukuza jirani, na kila aliyebaki ameshika kamba na anavuta upande mmoja. Leonardi anasimamisha, mama mkwe anafichua, Radi anaziba. Binti anashuka pale, anakata kwa miguu, na ile njia fupi ya kutoka Malangali hadi Majengo, iliyomshinda miezi yote hii, sasa anaikimbia, kwa kuwa anao ushahidi na anaye adui nyuma yake, na dume haliwezi kusimama barabarani milele.

Wengine waondoke. Bwana shamba mwondoe bila machozi; mashamba yake yapo, na ubao wa matangazo upo. Hotuba ya katibu wa tawi ikate yote. Nayasema haya mimi, mtu ambaye hotuba ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa. Na kwa aliyemwita binti kuonja pombe mpya, kaonje wewe mwenyewe Jumapili, umwache binti nje.

Kuhusu nyoka, Cornelia amekwisha hukumu, na hukumu yake haina rufaa. Kuhusu ndoto, ukimwambia Mzee Alois kwamba alijifunza herufi kwa ajili ya ndoto, mimi mwenyewe nitakuja kulibeba gunia la kwanza la mbolea kuliingiza chumbani kwako.

Sasa mama mkwe. Usiende kumwambia kwamba umezipunguza nasaha zake. Mtume Cornelia, kama heshima inavyotaka, na ujumbe uwe huu: "Mama, mwalimu anasema amekuondoa jikoni, amekupa ushahidi. Bila wewe ndoa ile inafungwa." Nakuhakikishia kwamba ataacha maharage jikoni. Nani hapendi kuwa mtu ambaye bila yeye jambo haliwi? Sebastiani mwambie Radi amesimamisha lori. Hatakuuliza juu ya pembe tena maisha yake yote.

Leo hii, kabla hujala, andika kwanza mwisho. Anza na mlango wa Ashura: una rangi gani, nani amekaa ndani, nani anasikia hodi. Andika Mwanamvua anavyobisha na neno la kwanza atakalosema, kisha uubandike ukurasa huo ukutani unapouona kila ukiinua macho. Kila sentensi utakayoiandika kati ya sasa na Jumamosi iulize kama inaelekea mlango ule. Ikielekea, ibaki. Ikielekea kwa shemeji wa mtu, ifute hata kama ni nzuri, na hasa kama ni nzuri, kwa maana sentensi mbaya hazimpotezi mtu njia; zile nzuri ndizo zinazotukaribisha tukae.

Limebaki jambo moja, na ndilo kubwa kuliko yote. Umeniuliza kuhusu majirani na mama mkwe, lakini kidonda kilichofunikwa na shati ni Mzee Alois. Usiende kilabuni kumwomba radhi, maana mtu hasomeshwi kwa kuombwa radhi. Ule ukurasa wa ukutani, ukishaupenda, uunakili kwa herufi kubwa zilizoachana, maneno mafupi, yale aliyoyajua ubaoni: mlango, dada, hodi, fika. Mpelekee kilabuni mchana kweupe, mbele ya wale wanaomwoza binti kwa katibu. Mwambie hivi tu: "Mzee shikamoo. Binti amekaribia, na mimi sitausoma ukurasa wa mwisho. Ni wako." Kisha geuka uondoke, usikubali hata kikombe kimoja. Mpe siku za kuweka kidole chini ya kila neno pasipo mtu kumtazama. Akija nao Jumamosi, darasa lako limepona. Asipokuja, utakuwa umemaliza hadithi kwa haki, nami nitakusaidia kubeba mabenchi. Lakini nimekwisha kuwaona watu wanaotaka kujua mwisho, Zenon, na sijamwona hata mmoja aliyeweza kukaa na ukurasa mfukoni bila kuufungua.

Ndugu zangu, sasa tangazo. Mkutano ujao hautakuwa hapa dukani. Utakuwa Malangali, katika chumba cha kisomo ambacho hakitawekwa mbolea, Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Sisi wa Majengo tutaondoka hapa saa nane kwa miguu, na tunaomba radhi mapema kwa kila nyumba iliyo njiani: tutasalimu bila kusimama, na maji tutakunywa wakati wa kurudi. Tutaanza saa tisa kamili. Benchi la mbele, upande wa dirisha, pasikaliwe na mtu. Kipande cha mwisho Ndugu Zenon atakisoma hadi Mwanamvua anapofika mlangoni kwa dada yake, hapo ataishia, nasi sote tutamngoja Mzee Alois aweke kidole chini ya neno la kwanza.